Amri ya Nane na Wafu Wetu

Katika Katekisimo Ndogo tuliyoikariri sote kabla ya kipaimara, amri ya nane ndiyo inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Tuliisema haraka mbele ya mwalimu wa kipaimara, tukakaa chini, na tangu siku ile wengi wetu tumeielewa kuwa ni amri ya kuzuia umbeya. Jirani tumemfikiria kuwa ni mtu wa ng'ambo ya ua, yule ambaye moshi wa jiko lake tunauona asubuhi. Hatukujiuliza kama mtu aliyelala chini ya migomba tangu enzi za babu zetu naye ni jirani, na kama inawezekana kumshuhudia uongo mtu asiyeweza tena kujitetea.

Swali hili halikutujia darasani chuo cha thiolojia. Lilitujia kwa njia ya mama mjane wa usharika wetu, na likatupeleka mahali ambapo hatukutazamia kufundishwa katekisimo upya: katika maktaba ya chuo kikuu, kwenye rafu za vitabu vya anthropolojia, yaani elimu inayowachunguza wanadamu, jamii zao na desturi zao.

Usharika wetu uko kwenye mitelemko ya Kilimanjaro. Mume wa mama huyu alifariki akamwachia binti wawili na kihamba. Kwa msomaji asiye wa mlimani tuseme kwamba kihamba si shamba tu. Ndipo ilipo nyumba, ndipo ilipo migomba na kahawa, na ndipo walipozikwa wazee wa ukoo. Miezi michache baada ya mazishi, ndugu wa marehemu walifika mbele ya Baraza la Wazee wa Kanisa. Hawakuja kuomba ushauri, walikuja kutoa taarifa. Walisema kwamba kwa mila zetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana mahali katika kihamba cha ukoo, na kwa hiyo arudi kwao. Mkubwa wao akamalizia kwa upole, "Mchungaji, hili si jambo la Kanisa. Ni mila, tangu mababu."

Walipoondoka, Baraza liligawanyika. Baadhi yetu tulisema mila ni mambo ya upagani, Injili ilikwisha kuyafuta, mjane abaki na mjadala ufungwe. Wengine tulisema Kanisa limeshavunja mila za kutosha, na sasa vijana wetu hawajui hata jina la babu wa babu yao, basi tuwaachie ukoo mambo yao. Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu ambaye kwa kawaida huongea mara moja tu katika kikao, akauliza, "Hivi sisi tunaobishana juu ya mila, ni nani kati yetu anayeijua?"

Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alikuwa na alichosikia kwa mtu aliyekisikia kwa mtu. Wanaoitetea mila na wanaoilaani walikuwa sawa katika hilo. Baraza likaamua kututuma sisi wawili, mchungaji na mwalimu, twende tukatafute.

Sheria ya nchi haikuwa kimya, nasi tulilijua hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Mama mwenyewe aliijua. Binti yake mkubwa alikuwa amemsomea kwenye simu. Tulipomshauri aende mahakamani alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mahakama itanipa shamba, Mchungaji. Haitanipa watu wa kunizika." Alichohitaji ni kubaki nyumbani kwake bila kuwa mgeni mbele ya watu wa mumewe. Kwa ajili hiyo ilibidi neno lile "tangu mababu" lichunguzwe, maana ndilo lililokuwa likimfukuza.

Wenzetu wengi huiogopa maktaba ya chuo kikuu wakidhani ni ya wenye digrii peke yao. Nasi tuliiogopa, ingawa mmoja wetu alikaa miaka kadhaa kwenye maktaba ya chuo cha thiolojia. Tulikwenda na barua ya utambulisho yenye muhuri wa usharika. Tuliacha mikoba mlangoni, tukaambiwa kwamba chumba cha vitabu vya zamani huingii na kalamu ya wino, unaingia na penseli na karatasi tu. Mkutubi alikuwa binti wa umri wa watoto tunaowabariki kila mwaka kipaimara. Alitupa shikamoo, akauliza tunatafuta nini.

"Kitabu cha mila za Wachagga," mwalimu alijibu.

Akatabasamu. "Hakuna kitabu cha mila za Wachagga, babu. Kuna vitabu."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na baadaye tuliona kwamba lilikuwa kubwa kuliko mengine. Sisi watu wa Biblia tumezoea Kitabu kimoja chenye mamlaka, na bila kujua tulikuwa tumekwenda kutafuta Biblia ya mila, tuifungue sura fulani, tusome hukumu, turudi nyumbani. Binti yule alituketisha akatuonyesha namna ya kutafuta. Maktaba nyingine hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, na hapo mila na desturi huanzia namba 390. Nyingine hufuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na hapo anthropolojia iko chini ya herufi GN. Alitufundisha pia kwamba jina letu wenyewe limeandikwa kwa namna nyingi. Wajerumani waliandika Dschagga, Waingereza wakaandika Chaga, na baadaye Chagga. Anayetafuta kwa tahajia moja tu hukosa nusu ya mashahidi. Kisha akasema tusianze kusoma ukurasa wa kwanza moja kwa moja. Tusome dibaji tujue mwandishi aliambiwa na nani, tutazame mwaka, halafu twende kwenye faharasa mwishoni tutafute maneno "mjane", "mirathi" na "ardhi". Tulikaa siku tatu.

Shahidi mkubwa tuliyemkuta kwenye rafu zile alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Jina la Bruno Gutmann tulilijua kutoka somo la historia ya Kanisa. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akafika Afrika Mashariki mwaka 1902 akitumwa na Misioni ya Leipzig, ile iliyoanza kazi Machame mwaka 1893. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa Kidia, Old Moshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimwondoa pamoja na wamisionari wengine wa Kijerumani, akarudi tena katikati ya miaka ya 1920 na kukaa hadi 1938. Hayo tulikuwa tumeyajibu kwenye mtihani. Ambacho hatukuwahi kukiona ni vitabu vyenyewe: Das Recht der Dschagga cha mwaka 1926, kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, na Die Stammeslehren der Dschagga, mafundisho ya jandoni yaliyochapishwa katika vitabu vitatu kati ya mwaka 1932 na 1938.

Kijerumani chetu cha kuungaunga hakikufika mbali. Lakini kitabu kile cha sheria kina tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa kwa ajili ya Human Relations Area Files, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1949 huko New Haven, Marekani, ambayo hukusanya maandishi juu ya jamii za dunia nzima na kuyatia namba za mada aya kwa aya. Mirathi, kwa mfano, ni namba 428. Tulipoiona namba ile mwalimu aliinua kichwa akasema, "Kumbe machozi ya mama yetu yana namba." Hakusema kwa dharau. Namba zile zilitusaidia sana. Hata hivyo tuliliandika neno lake daftarini, ili tusisahau kwamba tulikuwa tunasoma kwa ajili ya mtu mwenye jina, aliyekuwa akitungoja.

Mashahidi wengine walikuwapo. Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyefanya kazi Moshi, alichapisha kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyezaliwa na kukulia huku kwetu, aliandika juu ya malezi ya watoto wa Kichagga mwaka 1940. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera. Na Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1986 juu ya kile kinachoitwa sheria za kimila za Kilimanjaro, akifuata habari zake kwa muda wa miaka mia moja, 1880 hadi 1980.

Tulikuta nini juu ya mjane? Tuliona kwanza kwamba ndugu wa marehemu hawakutunga yote. Ni kweli kwamba kihamba kilirithiwa kwa upande wa kiume. Mtoto wa kwanza alikuwa na haki zake, na kitinda mimba wa kiume ndiye aliyebaki nyumbani kwa wazazi na kuwatunza. Binti hakurithi ardhi. Hatutaficha hilo hata kama linatuuma, maana amri ya nane haituruhusu kuwapaka wazee wetu mafuta wasiyokuwa nayo.

Lakini sehemu ya pili ya habari ndiyo iliyokuwa haikutajwa mbele ya Baraza. Aliyeshika mali ya marehemu alishika pia mzigo wa marehemu, yaani mke na watoto wake. Mjane alikuwa na haki ya kukaa na kulima mahali pake maisha yake yote. Wazee hawakuijua mirathi isiyo na mzigo. Mtu aliyetaka migomba bila kumtaka mwenye kuipalilia angekuwa anataka nusu ya mila, na nusu ya mila si mila. Hapo mwalimu aliweka penseli chini akasema, "Hawa ndugu zetu wamemnukuu babu, wakamkata katikati ya sentensi."

Hapo ndipo amri ya nane iliporudi. Luther, anapoifafanua, hatosheki na kutuambia tuache kumsingizia jirani. Anatutaka tumtetee, tumwombee heshima mbele za watu, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio bora kadiri inavyowezekana. Tukajiuliza: marehemu babu, ambaye jina lake linatumiwa kumfukuza mkwe wa ukoo wake, je, si jirani? Anashuhudiwa uongo mchana kweupe, naye hana mdomo wa kujibu. Aliye hai ukimsingizia atakushtaki kwa mzee wa kanisa. Wafu hawashtaki. Ndiyo maana kuwasingizia ni rahisi, na ndiyo maana inatupasa kuwa waangalifu zaidi, kama vile inavyotupasa kuwa waangalifu kwa yatima.

Wakati tukiwahukumu ndugu wale mioyoni mwetu, ukurasa mwingine ukatuhukumu sisi. Vitabu vile vinalitaja jani la masale. Kila mtu wa mlimani anaujua mmea huo. Ndio tunaoupanda kuonyesha mpaka wa kihamba. Lakini masale yalikuwa pia jani la kuomba msamaha. Aliyekosa alipeleka watu, jani likatolewa, na aliyekosewa hakuwa huru kulikataa; ilimpasa kusikiliza na kupatana. Sisi wachungaji tumewahi kusimama mimbarani tukayataja masale pamoja na matambiko na hirizi, tukasema ni mambo ya giza. Tuliyasema hayo kwa sauti kubwa bila kusoma ukurasa hata mmoja. Mmisionari wa Kijerumani, aliyekuja akiwa na kila sababu ya kutoyasikiliza, alikaa kwa wazee akauliza na kuandika. Sisi wajukuu wa wazee hao, tunaohubiri msamaha kila Jumapili, tulilitupa jani la msamaha bila kuuliza maana yake.

Kwa hiyo uongo juu ya wafu una namna mbili. Upo uongo wa anayesema yote ya mababu yalikuwa ya shetani. Upo na uongo wa anayesema lolote analolitaka leo, kisha akalivisha kanzu ya babu. Namna ya kwanza ni dhambi yetu sisi wa kanisani zaidi. Ya pili imekuwa dhambi ya wenye tamaa. Mzizi ni mmoja: hakuna anayesumbuka kwenda kuuliza.

Je, basi, tulikuwa tumempata mwamuzi, tukabebe kitabu tukawasomee ukoo hukumu? Tulitamani sana. Lakini vitabu vyenyewe vilitukataza. Gutmann alikuwa mgeni aliyeamini kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika ni zawadi ya Mungu na kwamba usharika ujengwe juu yake, na wapo waliomkosoa kwamba aliyapenda mno ya kale. Dundas alikuwa mtawala, na mtawala hutaka sheria inayoweza kuandikwa na kutekelezwa. Sauti nyingi tulizozisikia kwenye kurasa zile zilikuwa za wanaume. Naye Moore anaonyesha kwamba kile tunachokiita mila ya tangu zamani kimebadilika sana ndani ya karne moja: kahawa ilipoingia na kihamba kikawa cha fedha, ardhi ilipokuwa finyu, mahakama za serikali zilipoanza kuandika hukumu, na Kanisa lilipoingia pia. Watu waliendelea kuliita jambo lile kwa jina lilelile, wakati lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa lingine.

Hapa mlimani tuna mifereji iliyochimbwa na koo zetu kuleta maji kutoka juu. Kila mtu husema mfereji huu ulichimbwa na babu. Ni kweli. Lakini kila mwaka watu hutoka na majembe kuuzibua, hapa wakaunyoosha, pale wakauhamisha kwa sababu ya mmomonyoko. Asiyetoka siku ya kuzibua hana neno siku ya kugawa maji. Mila ni hivyo. Anayedai kwamba haijawahi kuguswa hajawahi kushika jembe. Na akiibuka mtu akauelekeza mfereji wote shambani kwake kisha akasema babu ndiye aliyetaka hivyo, tuna haki ya kumuuliza babu yupi, na alisema lini, na nani alikuwapo.

Bwana wetu Yesu alikutana na jambo la namna hii. Katika Marko sura ya 7 anawakemea watu waliotumia mapokeo ya korbani kukwepa kuwatunza baba na mama. Tukisoma kwa makini tutaona kwamba hawakemei kwa sababu wana mapokeo. Yeye mwenyewe aliingia sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Anawakemea kwa kulitumia pokeo takatifu kama pazia la kufichia tamaa. Tulipoisoma sura hiyo jioni katika nyumba ya wageni, tuliona kama imeandikwa kwa ajili ya kihamba kile.

Tulirudi nyumbani na daftari limejaa. Baraza likawaita ndugu wa marehemu, na kwa shauri la mwalimu tukawaalika pia wazee wa ukoo, wanaume kwa wanawake. Tulisoma tuliyoyaandika, yanayowaunga mkono na yasiyowaunga mkono, tukitaja kila mara nani aliandika na mwaka gani. Mkubwa wao alisema, "Sasa mnataka Mzungu atufundishe mila zetu?" Swali hilo lilikuwa la haki. Hatukuwa na jibu jepesi.

Jibu lilitoka kwenye benchi la nyuma. Bibi mmoja, mjane tangu siku nyingi, aliomba kusimama. Alisema aliachwa na mumewe akiwa kijana, na shemeji yake aliyeshika kihamba alimletea mkungu wa ndizi kila zilipokomaa, mpaka alipokufa yeye mwenyewe, na hakuna aliyemwambia arudi kwao. Akataja na wajane wengine wawili wa ukoo uleule, waliokaa hivyohivyo. Kisha akatugeukia sisi. "Na nyie, Mchungaji, mlipanda basi kwenda kumtafuta bibi yangu kwenye vitabu. Mimi nakaa benchi hili kila Jumapili. Hamkuniuliza."

Tuliona aibu. Alisema kweli. Baraza lililobishana usiku ule lilikuwa la wanaume karibu wote, na tulipotaka kujua habari za wajane tulikwenda mjini kuziuliza rafu, tukawapita wajane mlangoni. Lakini tumelitafakari jambo hilo tangu hapo, na tunaamini safari ile haikuwa bure. Bila vitabu tusingejua swali la kuuliza, na maneno ya bibi yangeitwa kumbukumbu za mzee. Bila bibi, vitabu vingebaki maneno ya wageni. Torati inataka mashahidi wawili au watatu neno lithibitike. Siku ile walikuwapo.

Mama yuko kwenye kihamba chake. Ukoo ulikubali mbele ya Baraza kwamba atakaa na kulima maisha yake yote. Habari ya binti zake baada yake haijamalizika, na hapo hatutaweza kuegemea wazee, maana tumesema wazi kwamba wazee hawakuwapa binti ardhi. Hapo itatubidi kusimama juu ya Injili na sheria ya nchi, na kuwaambia mababu kwa heshima kwamba katika hili hatuwafuati. Hata Musa alipojiwa na binti za Selofehadi hakuwatafutia jibu katika desturi tu. Alilipeleka jambo lao mbele za Bwana, na wakapewa urithi. Kumheshimu mzee si kukubaliana naye katika yote. Ni kutomsingizia unapokubaliana naye, na kutomsingizia usipokubaliana naye.

Shemeji mkubwa bado anakaa mbali nasi. Anakuja ibadani, lakini siku ya Chakula cha Bwana hutoka kabla ya meza kuandaliwa. Hatuwezi kuandika kana kwamba tumeshinda. Wiki chache zilizopita mwalimu alitushauri tumwendee na jani la masale. Tulisita kwanza, kwa sababu ya yale tuliyoyahubiri zamani. Kisha tukaona kwamba sisi pia tuna la kuombea msamaha: tulimwita mwenye tamaa mbele za watu kabla ya kumsikiliza faraghani, jambo ambalo Mathayo 18 inatufundisha kulifanya kwanza. Tutakwenda. Ikiwa atalipokea, tutakuwa tumejifunza kitu kutoka kwa babu zetu. Ikiwa atalikataa, tutaendelea kumngoja.

Ndugu msomaji, huenda usharikani kwako neno "mila" linatumika leo kumnyima mtu haki, au neno "upagani" linatumika kumfunga mzee mdomo. Usijibu haraka. Mwinjili Luka anatuambia mwanzoni mwa kitabu chake kwamba alichunguza mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo kabla ya kuandika. Uchunguzi, basi, si adui wa imani. Umo ndani ya Injili yenyewe. Omba barua kwa mchungaji wako, chukua penseli, nenda maktaba. Uliza kwa mkutubi bila kuona haya. Soma dibaji kabla ya hukumu. Lakini kabla hujapanda basi, pita kwanza kwenye benchi la nyuma, uketi karibu na bibi anayekaa pale kila Jumapili, umpe shikamoo, na umuulize.